Nani Atazidiwa? Karne Moja ya Kusoma Damu Maswa na Bariadi

Machi 2020 madaktari wa Wuhan walichapisha hesabu ya wagonjwa 191 wa UVIKO-19 waliokuwa wamelazwa katika hospitali mbili za mji huo. Wagonjwa 137 walirudi nyumbani, 54 walikufa. Majalada ya waliokufa yalipofunguliwa, ilionekana kwamba wengi wao tangu siku ya kulazwa damu ilikuwa na kiwango kikubwa cha D-dimeri, masalia yanayobaki mwili unapoyeyusha damu iliyoganda. Baada ya hapo kila wiki ilileta kiashiria kingine: feritini, limfosaiti zilizopungua, protini ya CRP, interilukini-6. Nyuma ya orodha hiyo kulikuwa na tumaini moja, kwamba tone la damu la siku ya kwanza linaweza kutaja nani atahitaji oksijeni siku ya kumi. Ulimwengu wa tiba ulilipokea kama jambo jipya. Mimi naona si jipya, na mahali pazuri pa kulithibitisha ni nchi iliyo kati ya Ziwa Victoria na mbuga za Serengeti, ambayo tangu 2012 inaitwa Mkoa wa Simiyu na makao yake yako Bariadi. Hapo damu imekuwa ikisomwa kwa zaidi ya miaka mia ili kujua mbele kuna nini. Historia ya usomaji huo, ikiunganishwa na ile ya Tanzania nzima, inaonyesha jambo ambalo orodha za 2020 hazikulisema: kiashiria cha damu kimefaa pale tu kilipofungamana na hatua iliyokuwa ndani ya uwezo wa aliyekisoma, na mara nyingi kimefaa zaidi pale kilipofundisha kanuni kisha chenyewe kikaondoka.

Swali la nani atazidiwa ni la zamani kuliko maabara. Katika Usukuma familia yenye mgonjwa ilikwenda kwa mfumu ikiwa na kifaranga. Mfumu alikipasua na kusoma alama za ndani ya mwili wake: ugonjwa umetoka wapi, nani anahusika, kifanyike nini. Wamisionari waliuita ushirikina, na wanaanthropolojia waliokuja baadaye waliueleza kwa heshima zaidi, lakini pande zote mbili zilishughulika mno na iwapo kifaranga kinasema kweli. Kwa hoja yangu lililo muhimu ni jingine. Kuagua hakukuishia kwenye jibu. Kuliishia kwenye agizo: dawa hii, tambiko lile, au hamia upande wa pili wa mto. Familia haikutoa kifaranga chake ili ipewe habari tupu, na kwa kipimo hicho vipimo vingi vilivyokuja baadaye na darubini vilipungukiwa.

Darubini yenyewe iliingia kwa kishindo mwaka 1922, ugonjwa wa malale ulipogunduliwa mashariki ya Mwanza, katika wilaya ya Maswa, ambayo wakati ule iliibeba Bariadi pia. Serikali ya Waingereza, iliyokuwa imeichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani miaka michache tu kabla, ilituma wataalamu. Lyndhurst Duke alitoka Uganda kuja kuchunguza vimelea. Charles Swynnerton alichunguza mbung'o, na aina iliyokutwa huko ikapewa jina lake mwaka 1923, Glossina swynnertoni. Malale ya aina hii hukimbia: mgonjwa anaweza kufa ndani ya miezi, na kimelea huonekana kwenye damu kwa urahisi kuliko katika malale ya polepole ya Afrika Magharibi. Kwa hiyo watu walitobolewa vidole, damu ikapakwa kwenye kioo na kusomwa. Slaidi yenye kimelea ilikuwa utabiri wa uhakika, maana asiyetibiwa hufa. Lakini tazama hatua iliyofuata. Dawa zilikuwa chache, nyingine zikiwa bado majaribioni, na utabiri haukumsaidia sana mwenye damu. Uliisaidia serikali kuchora ramani, na kwa ramani hiyo watu wa sehemu zenye mbung'o wakahamishwa na kukusanywa katika makazi ya pamoja, sera iliyoendelezwa chini ya daktari George Maclean hadi miaka ya 1930. Damu ya mtu mmoja iliamua makazi ya kijiji kizima, na mwenye damu hakuulizwa.

Haishangazi basi kwamba katika miaka hiyohiyo hadithi za mumiani zilienea Afrika Mashariki yote, za watu wa serikali wanaonyonya damu za wenyeji usiku. Wako wanaozicheka hadithi hizo kama hofu ya wasiosoma. Mimi naziona kama lalamiko lililojengeka vizuri: damu inakwenda, jibu halirudi. Watafiti wa matende walioweka kituo chao Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hawakuwa na nia mbaya, lakini vijidudu vya matende katika ukanda huu huingia kwenye damu ya pembezoni usiku, hivyo ilibidi sampuli zichukuliwe watu wakiwa wamekwisha kulala. Mwanakijiji aliyegongewa mlango usiku na mtu mwenye sindano na taa hakuhitaji ngano ya mtu yeyote ili awe na shaka. Shaka hiyo tutakutana nayo tena mwaka 2020, ikiwa imevaa nguo nyingine.

Wakati Maswa ikihesabu malale, huko New York jambo dogo lilikuwa linatokea ambalo lingekuja kuwa msingi wa vipimo vya leo. Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis wa Taasisi ya Rockefeller waligundua kwamba damu ya wagonjwa wa nimonia ina kitu kinachoshikamana na kipande cha ganda la bakteria wa nimonia, kipande walichokiita C. Mgonjwa akipona, kitu hicho hutoweka. Ndiyo CRP. Ini huimwaga kwa wingi mwili unapoungua kwa uvimbe, iwe sababu ni bakteria, jeraha au, kwa kiasi kidogo zaidi, virusi. Kwa miaka sitini na zaidi habari hiyo haikuwa na maana kwa mtu wa Bariadi. Maabara za wilaya zilikuwa na darubini, kipimo cha wekundu wa damu na slaidi ya malaria, na slaidi ndiyo iliyotawala. Kila homa iliitwa malaria. Mtoto aliyepumua kwa haraka akiwa na joto alipewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, na kama damu haikuonyesha kimelea, mtaalamu aliamini kwamba darubini imekosea. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha walichokiona katika hospitali kumi za kaskazini-mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa 4,474 waliotimiza vigezo vya ugonjwa mkali na kutibiwa kama wenye malaria kali, waliokuwa na vimelea kweli walikuwa asilimia 46.1. Waliokuwa na vimelea walikufa asilimia 6.9. Wasiokuwa navyo walikufa asilimia 12.1.

Takwimu hiyo ya mwisho ni ya kutisha ukiisoma taratibu. Slaidi isiyo na kimelea, ambayo kila mtu aliitupa kama kipimo kilichoharibika, ilikuwa kiashiria cha damu kinachotabiri kifo, na kilikuwa kimelala kwenye meza za maabara nchi nzima kwa miongo kadhaa. Kilichokosekana ni mtu aliyeruhusiwa kukifuata. Mwongozo haukumwambia tabibu afanye nini na homa isiyo malaria, kwa hiyo kuiona hakukumsaidia.

Kisa kinachokaribia zaidi somo letu hakikutokea Usukuma. Kilitokea Mvumi, hospitali ya misheni karibu na Dodoma, katikati ya miaka ya 1980. Surua ni ugonjwa wa virusi unaoingia kwa njia ya hewa, na mara nyingi kinachomuua mtoto ni nimonia au kubanwa koo kunakofuata. Andrew Barclay, Allen Foster na Alfred Sommer walichukua watoto 180 waliolazwa kwa surua, wakapima retinoli, yaani vitamini A iliyomo kwenye damu, na kuwagawa kwa kura. Asilimia 91 walikuwa chini ya mikromoli 0.56 kwa lita, kiwango cha upungufu. Waliopewa dozi kubwa ya vitamini A walikuwa 88 na wakafa 6. Wasiopewa walikuwa 92 na wakafa 12. Tofauti ilikuwa wazi zaidi kwa walio chini ya miaka miwili: mmoja alikufa upande wa kwanza, saba upande wa pili. Ripoti ilitoka mwaka 1987, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wakapendekeza vitamini A kwa watoto wenye surua katika nchi zenye upungufu. Miaka mitatu baadaye jaribio la Cape Town lilikuta watoto 12 kati ya 189 wamekufa, kumi kati yao wakiwa hawakupewa vitamini.

Angalia sasa kilichotokea kwa kipimo chenyewe. Hakuna zahanati Tanzania iliyowahi kununua mashine ya kupima retinoli kwa ajili ya surua. Ilipojulikana kwamba karibu kila mtoto aliyelazwa ana upungufu, kumpima mmoja mmoja kukawa kupoteza muda. Kapsuli ya mafuta ilikuwa nafuu kuliko sindano ya kutolea damu. Kiashiria kiliingia Mvumi, kikaonyesha njia, kikaondoka. Kilichobaki ni kapsuli ya buluu na nyekundu ambayo kila mzazi wa Simiyu anaijua, inayotolewa kwa watoto Juni na Desemba, pamoja na msukumo wa viazi lishe vya rangi ya chungwa katika nchi ambayo michembe na matobolwa yake, tangu zamani, hutoka kwenye viazi vyeupe visivyo na vitamini hiyo.

Mtu makini atapinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Retinoli hushuka kwenye damu mtu anapokuwa mgonjwa, hata kama ini lake lina akiba, kwa sababu uvimbe uleule unaopandisha CRP huishusha protini inayobeba vitamini A. Kwa hiyo sehemu ya ile asilimia 91 haikuwa njaa ya vitamini. Ilikuwa surua yenyewe ikijionyesha kwa sura nyingine. Ni kweli, na ndiyo sababu leo watafiti wa lishe hupima CRP pamoja na retinoli. Lakini watafiti wa Mvumi waliokoa watoto bila kulijibu swali hilo, kwa sababu hawakusimama kwenye kiashiria. Walijaribu dawa kwa kura. Upande wa pili wa sarafu ulionekana Dar es Salaam, katika kazi iliyofanywa Muhimbili na Wafaie Fawzi wa Harvard pamoja na wenzake Watanzania: watoto 687 waliolazwa kwa nimonia wengi wao bila surua, na vitamini A haikuwaharakishia kupona kifua. Kiashiria kilekile, kiungo kilekile cha mwili, jibu tofauti. Anayesema kwamba kiwango fulani cha damu kinatabiri ukali wa ugonjwa amesema nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kama kukirekebisha kiwango hicho, au kumtendea mgonjwa tofauti kwa sababu yake, kunabadilisha mwisho.

Somo la pili kubwa lilikuja na UKIMWI, na hili Bariadi na Maswa zililiishi moja kwa moja. Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa na mpango wa taifa mwaka 2004, na mlango wa kuzipata ulilindwa na namba moja ya damu: CD4. Chini ya 200 unaanza dawa; juu ya hapo, kama huna dalili kubwa, rudi baadaye. Hakuna kiashiria kilichowahi kutabiri ukali kwa usahihi kama huu, pamoja na nimonia zinazomvamia mwenye kinga iliyoporomoka. Wala hakuna kilichoonyesha waziwazi hivyo kwamba usahihi hautoshi. Sampuli ya CD4 hailali; ikikaa siku mbili tatu haifai tena. Mashine zilikuwa katika hospitali kubwa, na barabara ya kutoka Mwigumbi kupita Maswa na Bariadi hadi Lamadi ilikuwa bado ya vumbi, ikigeuka tope masika. Mtu wa Meatu alipimwa leo, akaambiwa arudi kuchukua jibu, na kila safari ilikuwa nauli, siku ya shamba na uwezekano wa kuonekana na jirani. Wengi waliopotea walipotea katika pengo hilo la kati ya sindano na namba. Kikomo kikapandishwa hadi 350, kisha 500, na mwaka 2016 kikaondolewa kabisa: ukiwa na VVU, anza dawa. CD4 ilibaki kwa kazi ndogo ya kuwatambua wanaofika wakiwa wamechelewa sana. Ni hadithi ya Mvumi tena, ila hii ilichukua miaka kumi na miwili.

Kwa magonjwa ya kupumua yenyewe, zahanati za Simiyu zilikuwa na kipimo kisichohitaji damu. Kazi ya Frank Shann huko Papua New Guinea ilionyesha kwamba kuhesabu pumzi kunatosha kumtenga mtoto mwenye nimonia na mwenye mafua, na tangu Tanzania ilipoanza kutumia mwongozo wa pamoja wa tiba ya watoto mwaka 1996, nesi wa kijijini amefundishwa namba hizo: pumzi 50 kwa dakika kwa wa miezi miwili hadi mwaka, 40 kwa mkubwa hadi miaka mitano. Ni kipimo bora kwa bei yake, lakini kinakamata wengi mno. Valérie D'Acremont na wenzake walipowachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi, na malaria ilikuwa asilimia 10.5 tu. Virusi hupandisha joto, joto huharakisha pumzi, na mtoto anayepumua haraka hupewa amoksilini asiyoihitaji. Hapo ndipo CRP, baada ya kusubiri miongo kadhaa, ilipata kazi Tanzania. Katika jaribio la ePOCT lililofanyika Dar es Salaam kuanzia 2014 hadi 2016, watoto 3,192 walitibiwa ama kwa mwongozo wa kawaida wa kielektroniki, ama kwa ule ulioongezewa kipimo cha oksijeni cha kidoleni, CRP na vipimo vingine vya papo hapo. Antibiotiki zilishuka kutoka asilimia 30 hadi 11, na walioshindwa kupona kufikia siku ya saba wakapungua kutoka asilimia 4.1 hadi 2.3.

Ila tuwe waangalifu na tunachokishangilia. ePOCT ilithibitisha zaidi uwezo wa damu kusema nani hahitaji dawa. Swali la Wuhan lilikuwa nani atazidiwa. Kwa swali hilo ushahidi wa karibu zaidi unatoka Uganda na tena Dar es Salaam. Katika kundi la watoto 2,502 wa Uganda waliolazwa na homa, protini iitwayo sTREM-1, inayomwagwa na chembe nyeupe zinapokuwa vitani, ilitenganisha vizuri waliokuja kufa na waliopona, hata ilipopimwa siku ya kufika. Watu wazima 507 waliofika kliniki za nje Dar es Salaam na homa, wakiwa bado hawajazidiwa, walionyesha mwelekeo huohuo. Hii ndiyo aina ya kiashiria ninayoona ina nafasi Simiyu, kwa sababu haiulizi ni mdudu gani. Inauliza mwili umefikia wapi.

Kisha ikaja UVIKO-19. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020; takwimu zikakoma mwishoni mwa Aprili zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21; mwanzoni mwa Mei Rais Magufuli alitangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zimerudi na jibu la kuambukizwa. Mengi yameandikwa juu ya kauli hiyo, na sehemu kubwa inaishia kwenye siasa. Naiweka hapa kwa sababu ilipokelewa vizuri, na ilipokelewa vizuri kwa sababu ilitua juu ya karne nzima ya damu na makamasi yaliyochukuliwa bila jibu kurudi. Watu walijifukiza, wakazika wapendwa waliokufa kwa kile kilichoitwa changamoto ya upumuaji, na maabara ikabaki mshitakiwa. Chanjo zilianza kutolewa Julai 2021, na Oktoba mwaka huo mpango wa shilingi trilioni 1.3 ukaleta, pamoja na madarasa, mitambo ya oksijeni na vyumba vya wagonjwa mahututi kwenye hospitali za mikoa.

Huku nyuma, jibu la kitabibu lilikuwa limeshatoka, nalo liliupa uzito mtambo wa oksijeni na kuipunguzia heshima orodha ya viashiria. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya miaka mingi na ya bei ndogo, hupunguza vifo kwa theluthi moja kwa wanaopumulia mashine na kwa moja ya tano kwa wanaohitaji oksijeni, na haimfai asiyeihitaji. Mlango wa dawa ukawa kidole kwenye kipima oksijeni. CRP ilipata mlango wake baadaye, pale kiwango cha 75 au zaidi kilipotumika kuchagua wa kupewa tosilizumabu, dawa ambayo bei yake inaitoa kwenye mazungumzo ya wilaya yoyote ya Tanzania. Yaani kati ya viashiria vyote vilivyotangazwa, kimoja tu kilikuwa na hatua mbele yake ambayo hospitali ya Maswa ingeweza kuichukua, na hakikuhitaji damu.

Msomaji anaweza kusema: basi kesi imekwisha, nunua vipima oksijeni na uache habari za protini. Sikubaliani, na sababu ni mbili. Ya kwanza, kipima cha kidoleni kina kasoro inayomhusu Mwafrika zaidi ya wengine: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kilikosa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Ya pili ni jiografia. Oksijeni ikishuka, hatua ni oksijeni, na oksijeni iko hospitali ya wilaya au Bariadi mjini, au Bugando kule Mwanza. Kwa mtu aliye ndani ya Itilima au Meatu wakati wa mvua, mito imejaa na pikipiki haipiti, onyo linalokuja oksijeni ikiwa imeshashuka limechelewa. Anachohitaji tabibu wa zahanati ni ishara ya siku moja au mbili kabla, itakayomwezesha kusema: huyu aende leo, huyu arudi kesho kutwa. Kumpa rufaa kila mwenye kikohozi si busara hata kidogo. Familia huuza mbuzi kwa safari hiyo, na wakipelekwa mara mbili bure, mara ya tatu hawataenda.

Pingamizi jingine ni gumu zaidi kulijibu. Viwango vilivyopimwa Wuhan au London vilitoka kwa watu ambao damu yao haina kichocho, malaria ya kila mara wala minyoo. Katika mwili wa mkulima wa pamba wa Dutwa CRP inaweza kuwa juu kwa sababu isiyohusiana na kirusi cha kifua, na namba iliyonakiliwa kutoka mwongozo wa Ulaya ingempeleka hospitali asiyestahili na kumwacha anayestahili. Hili linadai kazi ifanywe hapa, kwa damu ya hapa, kama ilivyofanyika Mvumi, na kwamba kipimo kijaribiwe kwa kura pamoja na rufaa yake. Kuonyesha tu kwamba waliokufa walikuwa na kiwango kikubwa hakutoshi. Slaidi zisizo na kimelea zilionyesha hivyo kwa miongo bila kumwokoa mtu.

Kipo hata hivyo kiashiria kimoja ambacho kazi yake imeshafanywa hapahapa Kanda ya Ziwa. Watoto wanaozaliwa na mama wenye VVU huchukuliwa tone la damu kisiginoni, likakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa Bugando kupimwa. Watafiti wa Bugando walizichukua tena karatasi zaidi ya 17,000 za mikoa ya kaskazini-magharibi, wakatafuta selimundu. Takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amerithi jeni moja, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mtoto wa selimundu akipata kirusi cha kawaida cha mafua anaweza kuishia na kifua kilichoziba na damu isiyopata hewa ndani ya siku chache. Hemoglobini yake ni utabiri usiobadilika, unaopimwa mara moja na kutumika maisha yote. Na hatua zipo ndani ya uwezo wa zahanati: penisilini ya kila siku utotoni, chanjo ya nimonia iliyoko kwenye ratiba ya taifa, haidroksiyurea inapopatikana, na mama aliyeambiwa mapema kwamba kwa mwanawe kikohozi chenye homa ni safari ya siku hiyohiyo. Kwa hesabu hiyo tone moja la kisiginoni linaweza kumfanyia mtoto wa Bariadi kazi kubwa kuliko D-dimeri na interilukini zote zilizoandikwa tangu 2020. Ila karatasi zile zilikusanywa kwa ajili ya VVU. Watoto ambao mama zao hawana VVU, ambao ndio wengi sana, hawakuwa kwenye mpango huo, na visigino vyao havikuguswa.